Tumbo Lisilopona: Kutafuta Jibu Zahanati

(MUZIKI WA KIPINDI SEKUNDE KUMI, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI)

MTANGAZAJI: Uwe kwenye foleni ya maji, uwe jikoni unachochea kuni, au umekaa na kikundi chako cha wasikilizaji, karibu tena kwenye kipindi chetu cha afya.

Leo tunaongea habari za tumbo. Hatusemi lile tumbo la siku moja, ambalo umekula kiporo kilichochacha na kesho yake limekwisha. Tunasema lile linalouma mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tano, na kila ukienda zahanati unarudi na vidonge vingine, lakini jina la ugonjwa hulijui. Maswali ya namna hiyo yamekuwa mengi tangu mvua zianze. Hili hapa limetoka kwa mama mmoja. Ameomba lisomwe na sauti nyingine.

SAUTI YA KIKE: "Mwanangu, tumbo linanisumbua tangu mvua za mwaka jana. Linajaa, linanguruma, mara naharisha, mara choo kinagoma siku tatu. Nimepimwa choo mara mbili, wanasema hakuna kitu. Nimemeza dawa za minyoo, za amiba, za vidonda vya tumbo. Jirani ananiambia nimelishwa kitu. Mume wangu anasema ni mawazo tu. Mimi najua ninaumwa. Sasa niende wapi?"

MTANGAZAJI: Shikamoo mama, na asante kwa kutuamini. Umeuliza swali moja lakini ndani yake kuna matano. Nianze na hilo neno ulilorudi nalo kutoka maabara, "hakuna kitu".

Wengi wetu tukisikia hakuna kitu, tunaelewa kwamba huumwi, nenda nyumbani. Maabara haikusema hivyo. Maabara imesema: kile tulichokuwa tunatafuta, kwenye kile kipande kidogo cha choo ulichotuletea leo, hatukukiona. Ni kama umemtuma mtoto sokoni kumtafuta mjomba, akarudi akasema hayupo. Inawezekana mjomba hayupo kweli. Inawezekana pia alikuwa upande wa pili kwenye nguo za mitumba.

Chukua mfano wa kichocho cha tumbo. Sisi tuliotoka pwani ya Ziwa Tanganyika, Uvira, Baraka, Rumonge, Nyanza-Lac, tumeoga ziwani tangu utoto. Mdudu wa kichocho anatoka kwenye konokono wa majini, anapenya ngozi ukiwa umesimama kwenye maji, halafu anakwenda kuishi kwenye mishipa ya damu karibu na utumbo. Anaweza kukaa humo miaka mingi. Umehama ziwa, umevuka mpaka, umefika kambini ambako hakuna hata bwawa, na yeye umehama naye. Mayai yake hayatoki sawa kila siku. Leo yapo kwenye choo, kesho hayapo. Kwa hiyo kipimo cha siku moja kinaweza kumkosa, na ndiyo maana daktari anaweza kukuomba choo cha siku tatu tofauti. Ukiambiwa urudi na kingine, usidhani unazungushwa.

Jiadia naye yuko hivyo hivyo, anaonekana siku hii na kujificha siku nyingine. Amiba ana shida yake: akiwa hai kwenye choo cha majimaji anakufa haraka, anatakiwa aangaliwe ndani ya nusu saa hivi. Sasa wewe umejisaidia saa kumi na moja alfajiri, umefunga kikopo, umetembea, umekaa foleni, choo kinafika kwenye darubini saa tano. Mtaalamu wa maabara ataona nini? Kama unaharisha, ni afadhali uchukue kikopo palepale zahanati, utumie choo cha pale, ukabidhi kikiwa bado na joto. Usichanganye na mkojo, na usikiokote chini, kwa sababu udongo una wadudu wake wenyewe.

Najua kuna watu wanacheka sasa hivi. Cheka, lakini sikiliza.

(MUZIKI MFUPI)

Jambo la pili ni majina. Mrundi akiumwa tumbo utamsikia akisema ana inzoka. Mkongomani atasema ana gastriti au amiba. Hapa Tanzania watakuambia ulsa, au chango. Majina haya ni yetu na si mabaya, ila kila moja limebeba magonjwa kumi. Inzoka inaweza kuwa minyoo kweli, na inaweza kuwa gesi, au maumivu ya nyongo, au kitu kingine kabisa. Chango wengine wanamaanisha minyoo, wengine wanamaanisha maumivu ya mwanamke chini ya kitovu, ambayo hata si ya utumbo, ni ya kizazi.

Ukiingia kwa daktari ukasema "dokta, nina amiba", na nje kuna watu themanini wanasubiri, unajua kitakachotokea. Ataandika dawa ya amiba. Umempelekea jina, na yeye amelitibu jina. Mpelekee habari yenyewe. Limeanza lini. Linauma wapi, weka kidole hapohapo. Linauma ukiwa na njaa au ukishakula. Linakuamsha usiku au linalala nawe. Choo kikoje: cha maji, kigumu kama mavi ya mbuzi, kina makamasi, kina damu, kinaelea na mafuta. Maumivu yanapungua ukishajisaidia, au yanabaki vilevile. Umepungua mwili? Kama huna mizani, angalia mkanda wako, au kitenge unachofunga. Na dawa zote ulizomeza, hata zile za mti, hata zile ulizopewa na jirani.

Ukiwa na kijana wa shule nyumbani, mwambie akuandikie kila jioni kwa wiki mbili: nimekula nini, tumbo limefanya nini, choo mara ngapi. Huna mwandishi? Chora mistari kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Mstari mmoja kwa kila mara uliyokwenda chooni, msalaba siku ya maumivu makali. Nimewahi kusikia wengine wanashauri kuhesabu kwa maharage kwenye kopo. Kwa mgao wa siku hizi mimi nasema tumia vijiwe, maharage tuyaachie sufuria.

Kipande hicho cha boksi kinamsaidia daktari kuliko unavyofikiri. Magonjwa mengi ya tumbo yanatambuliwa kwa maelezo kwanza, kipimo kinakuja kuthibitisha.

Kuna suala la lugha pia. Kama unaongea Kirundi au Kibembe na daktari anaongea Kiswahili, omba mkalimani. Kama wewe ni mama na mkalimani ni kijana wa kijiji chako, unaona aibu kumwambia habari za choo na damu, unaruhusiwa kuomba mwanamke. Sema tu, "naomba mkalimani wa kike". Ikibidi kusubiri, subiri. Maelezo yaliyofichwa kwa aibu ndiyo mara nyingi yenye jibu ndani yake.

(MUZIKI MFUPI)

Tuje kwenye vidonda vya tumbo, maana hapa pana habari ndefu na mimi naipenda.

Zamani madaktari dunia nzima waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, pilipili na asidi nyingi. Mgonjwa aliambiwa apumzike, anywe maziwa, apunguze hasira. Madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walikuwa wanaona bakteria mmoja aliyejikunja kwenye matumbo ya wagonjwa hao. Wakasema huyu ndiye. Wenzao hawakukubali, wakajibu kwamba ndani ya asidi ya tumbo bakteria hawezi kuishi. Basi mwaka 1984 Marshall akachukua maji yenye bakteria hao, akayanywa. Baada ya siku chache akaanza kichefuchefu na kutapika, na alipoangaliwa tumbo lilikuwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Bakteria huyo anaitwa Helikobakta pailori. Kwenye karatasi yako ya maabara utaona wameandika kwa kifupi, H. pylori.

Nawasimulia hii kwa sababu moja. Wagonjwa wa miaka mingi waliambiwa ni mawazo yao, kumbe kulikuwa na mdudu. Kwa hiyo mzee wangu, baba wa nyumba ile, neno "ni mawazo tu" tulitumie kwa uangalifu.

Lakini pia usikimbilie upande wa pili. Barani Afrika watu wengi sana wanaye bakteria huyu na hawaumwi chochote. Kumkuta si lazima iwe ndiyo sababu ya maumivu yako. Tena kuna vipimo vya aina mbili vinavyotumika sana. Kile cha damu kinaonyesha kwamba mwili umewahi kukutana naye, hata kama ulitibiwa zamani akafa. Kile cha choo kinaonyesha kama yupo sasa. Muulize daktari, "hiki ni cha damu au cha choo?" Si ujeuri, ni swali la kawaida. Na kile cha choo kinadanganyika ikiwa umemeza antibayotiki ndani ya wiki nne zilizopita, au omeprazo ndani ya wiki mbili. Ukiwa umezimeza, sema kabla ya kupimwa. Usiache dawa uliyoandikiwa bila kumuuliza aliyekuandikia.

Akionekana na daktari akaamua kumtibu, utapewa antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Watu wanaziacha siku ya tano kwa sababu tumbo limetulia. Bakteria waliobaki wanazoea dawa, na safari ya pili dawa zilezile zinagoma.

Kipimo kingine kinachowachanganya watu ni cha taifodi, homa ya matumbo, kile cha tone la damu kinachoitwa Widal. Utamsikia mtu anasema, "mimi nina taifodi sugu, mwaka wa tatu sasa". Kipimo hiki kinaweza kuonyesha taifodi kwa sababu uliugua zamani, au hata kwa sababu una malaria. Taifodi yenyewe ni ugonjwa wa homa inayopanda kwa siku kadhaa na kukulaza. Tumbo la kujaa gesi miezi minane bila homa, ukaambiwa ni taifodi kwa kipimo hicho kimoja, una haki ya kuuliza kama kuna kipimo kingine.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa niwaseme wenye maduka ya dawa kidogo, na sisi wateja wao. Tumbo likiuma tunanunua metronidazo, ile ya njano au nyeupe, vidonge sita, tunameza viwili leo na viwili kesho. Haiui mdudu yote, inamlevya tu. Ukienda kupimwa, haonekani. Unarudi na "hakuna kitu", na baada ya mwezi ameamka.

Mbaya kuliko hiyo ni diklofenaki na ibuprofeni. Mgongo unauma kwa kubeba kuni, tunameza. Magoti yanauma, tunameza, tena bila chakula. Dawa hizi, pamoja na aspirini, zinachubua tumbo kwa ndani na zinaweza kuleta kidonda kinachotoa damu. Nimeshakutana na watu wanaotibiwa vidonda huku jioni wanameza diklofenaki ya mgongo, na hakuna aliyewauliza. Kama unazitumia, zitaje. Panado haina tabia hiyo tumboni, lakini nayo ina kipimo chake cha siku, usizidishe.

Kuhusu kulishwa kitu. Kivu wanaita karuho, Burundi wanaita uburozi, na mimi sitakaa hapa kwenye redio kuwacheka wazee wetu. Ninachoomba ni hiki: ukienda kwa mganga, usiache zahanati, na usikubali kupigwa bomba la dawa ya mti kwa nyuma, wala kutapishwa kwa nguvu. Dawa ile inaunguza utumbo, na kwa mtoto mdogo inaweza kuua kwa siku moja. Na kama umekunywa dawa ya mganga, mwambie daktari. Akifoka, mwache afoke, lakini ajue.

Zipo dalili ambazo hazisubiri wiki mbili za kuchora mistari. Damu kwenye choo. Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya, hiyo mara nyingi ni damu iliyotoka juu tumboni. Akina mama wajawazito mnaomeza vidonge vya damu vya kliniki, choo chenu kitakuwa cheusi kwa sababu ya dawa, msiogope, ila mtaje. Kutapika damu. Chakula kukwama ukimeza. Macho kuwa ya njano. Tumbo kuwa gumu kama ubao na huwezi kuguswa. Kupungua mwili bila sababu, na hapa siongelei kupungua kwa ajili ya mgao, naongelea wote nyumbani mnakula sawa lakini wewe peke yako unaisha. Uvimbe unaoushika kwa mkono. Tumbo lililoanza kusumbua ukiwa umeshapita miaka hamsini. Ukiwa na moja ya haya, nenda leo.

Na kama ni kuhara kwa ghafla, maji matupu kama ya kuoshea mchele, usimalize hata kunisikiliza. Anza maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ile ORS, na uende.

Kuharisha kunakopita siku 14 kunahitaji kuangaliwa hata kama hakuna damu. Kukipita mwezi, daktari anaweza kukuomba upime virusi vya UKIMWI. Usimchukie. Kuharisha kwa muda mrefu ni mojawapo ya milango ambayo ugonjwa huo hujionyesha, na ukijulikana unatibika vizuri siku hizi. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa tumboni badala ya kifuani, kikaleta homa za jioni, jasho la usiku na tumbo kujaa maji.

(MUZIKI MFUPI)

Mama, nimekuacha unasubiri. Inawezekana vipimo vyote vikafanyika vizuri na visionyeshe kitu. Hapo kuna magonjwa ambayo hayana mdudu. Moja ni maziwa. Watu wazima wengi, mwili wao umeacha kuyeyusha sukari ya maziwa, wakinywa maziwa mabichi tumbo linajaa na kuharisha, ila mtindi unawakubali. Jamii zetu za wafugaji mara nyingi hawana shida hiyo, kwa hiyo jirani anakunywa lita nzima anakushangaa. Jingine ni utumbo usiotulia: utumbo mzima, hauna kidonda wala mdudu, lakini unajikaza ovyo na unasikia maumivu kuliko kawaida. Unaleta hasa yale uliyotaja, kujaa, kunguruma, mara kuhara mara kukosa choo, na maumivu yanayobadilika ukijisaidia. Siwezi kukuambia kwamba ndio ugonjwa wako, mimi si daktari. Nakuambia upo, una jina, na daktari anautambua kwa maelezo ya miezi kadhaa baada ya kuondoa mengine.

Huo utumbo usiotulia unazidi mtu akiwa na hofu au huzuni. Ni kweli kwamba ubongo na utumbo vina mishipa inayoongea pamoja, kila mtu aliyewahi kuharisha usiku wa kukimbia anajua. Lakini maumivu yake yako tumboni kweli. Yanatibiwa kwa kubadilisha chakula, dawa za kulegeza mikazo, na pia kwa kuongea na washauri wa kisaikolojia. Daktari akikutuma kwa mshauri, hajasema unadanganya.

Kwa hiyo, mama, rudi ukiwa na kipande chako cha boksi. Beba daftari lako la matibabu na karatasi zote za zamani kwenye mfuko wa nailoni usiolowana, na maganda ya dawa. Ukiweza, nenda siku ambayo yupo daktari aliyekuona mwanzo. Eleza, "nimepimwa hiki na hiki, nimemeza hiki na hiki, bado". Halafu muulize: unafikiri ni nini? Kinaweza kuwa nini kingine? Nikimaliza dawa hizi bila kupona, nirudi lini na tutafanya nini? Mwambie pia ulikotoka na kama ulioga ziwani, kwa sababu kichocho kina dawa yake, prasikwanteli, na daktari asiyejua habari za ziwa anaweza asikifikirie.

Kuhusu rufaa. Hospitali kubwa wana kipimo cha kamera ndogo inayoshuka kooni hadi tumboni, na unakwenda nacho bila kula tangu usiku. Si kila anayeomba rufaa anapata, nafasi ni chache na zinagawanywa kwa uzito wa ugonjwa. Ndiyo maana dalili zile za hatari zinatakiwa ziandikwe kwenye daftari lako. Kama umepungua kilo, omba upimwe uzito kila unapokwenda na uandikwe. Kilo zilizoandikwa tarehe tatu tofauti zina nguvu kuliko kusema "dokta nimekonda". Ukikataliwa, uliza sababu, na uulize unaweza kuangaliwa tena lini. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chako anaweza kwenda nawe.

La mwisho, tumeulizwa na kikundi cha vijana kama mbaazi na maharage ya mgao ndiyo yanayoharibu matumbo. Yanaleta gesi, ndiyo, hasa yakiwa hayajaiva, na kuni zikiwa chache yanaliwa magumu. Yaloweke usiku kucha, yamwage yale maji, upike kwa maji mapya. Gesi inapungua na kuni zinapungua pia. Muhogo mchungu nao ulowekwe siku zake zote tatu au nne na uanikwe, kwa sababu usipolowekwa vizuri unaleta kichwa, kizunguzungu na kutapika, ambako si ugonjwa wa tumbo bali ni sumu ya muhogo wenyewe.

Maswali zaidi yapelekeni kwa kiongozi wa kikundi chenu cha wasikilizaji kabla ya Alhamisi. Wiki ijayo tutaongea juu ya watoto: kwa nini mtoto anakula lakini haongezeki. Mimi ni mtangazaji wenu. Kwaheri.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA MPAKA MWISHO)